Kofia ya Kipa

"Kipindi cha pili vaa kofia, tujue umekubali kufungwa," mcheza kamari alikuwa amemnong'oneza kipa Sudi wakati wa mapumziko.

Sasa ilikuwa dakika ya mwisho, timu hazijafungana, na wapinzani walikuwa wamepata penalti. Jua la magharibi lilimchoma Sudi machoni hadi machozi yakamtoka. Kofia yake, ambayo haikukosa kichwani mwake mechi yoyote ya jioni, ilikuwa nyuma ya wavu. Kule jukwaani, yule mtu aliacha kutafuna njugu.

Beki wake, Chande, aliiokota kofia akamsukumia kifuani. "Vaa, kaka! Utauonaje mpira?"

"Sivai."

Chande akamkazia macho. "Sudi, wamekununua?"

Filimbi ikalia. Sudi akaiangusha kofia, akalielekea jua na kuyafumbua macho yote mawili.