Cheti cha Kuazima

Kila alfajiri mashine ya dawa ya Bi Hidaya ilijenga upya programu yake, kisha ikabisha hodi kwenye mtandao wa zahanati na kuonyesha cheti cha kidijitali cha kuitambulisha. Bila cheti zahanati haikutoa kipimo cha dawa cha siku, na bila kipimo mashine haikudondosha hata tone.

Jana binti yake, Mwanamize, alimwazima jirani yao Tausi cheti hicho, kama watu wanavyoazimana chumvi. Cha Tausi kilikuwa kimeisha muda, na mumewe, naye wa mashine kama hiyo, anahema. Leo zahanati ikagundua cheti kimoja kimebisha kutoka nyumba mbili. Ikakifuta.

Mwanamize akaomba kingine.

"Onyesha cheti chako kwanza," skrini ikajibu.

Akabembeleza, akaitukana. Jibu lilikuwa lile lile.

Akakimbilia kwa Tausi, aliyekwisha kuomba na kupata kipya kwa kuonyesha kile cha kuazima. Tausi alifungua mlango kidogo tu, machozi yakimlenga.

"Shoga, hiki nacho kikifutwa, mume wangu je?"

Mwanamize aliporudi nyumbani, mama yake alikuwa amekunja mkono wa gauni, anasubiri dawa.

"Bado tu? Basi kaazime kwa jirani, mwanangu. Sisi hatujawahi kumnyima mtu."