Nyota Tano kwa Kopo Lisilofunguliwa

Miaka yote Bi Sikitu aliwasinga maharusi kwa singo ya kusugulia ngozi aliyoitwanga mwenyewe. Safari hii kampuni moja ilimletea kopo la krimu bure, sharti alisifu mtandaoni. Akalitupa kabatini na utepe wake, akaandika: "Nimejipaka wiki mbili, ngozi imekuwa laini kama ya mtoto." Akatia nyota tano.

Raya, mwari aliyekuwa akimfunda kwa ndoa, aliyasoma maneno hayo, akanunua kopo lake, akajipaka kwa siri. Siku mbili kabla ya harusi yake, mama yake akamleta kwa Bi Sikitu, uso umebabuka, midomo imevimba.

"Somo yangu, wewe ulijipaka wiki mbili," Raya alisema taratibu. "Hukuwashwa?"

"Ngozi hazifanani, mwanangu."

Mama mtu alifungua kabati la vipodozi, akalitoa kopo. Utepe haukuwa umeguswa. Akaukata kwa meno.

"Basi jipake, shoga. Kesho kutwa bwana harusi akimfunua huyu ushungi, na wewe uwepo, tukuone unavyong'ara."

Bi Sikitu alitazama mlangoni, kisha akachovya kidole. Raya akajisogeza karibu, akamshikia kioo.