Wimbi la Majembe

Bartholomew aliposoma hadi kwenye majembe, Musembi alijua ameibiwa.

Walimu wa fizikia walikuwa wamejaa ukumbini mjini Machakos, mwaka wa tisini na nane, wakisomewa insha iliyoshinda. Na huyo msomaji, rafiki yake wa kufa kuzikana, aliyekula muthokoi kwake Krismasi nzima, ndiye aliyeazima daftari la Musembi, "nilitupie macho tu."

"Elektroni ni wimbi," Bartholomew alisoma. "Tazameni akina mama wa kikundi cha mwethya, Kathiani, wanaosaidiana shambani, wakichimba matuta kwa mstari. Mmoja akiinua jembe, jirani yake anafuata, kisha wa tatu. Wimbi hilo hupita mstari mzima mbio, na halibebi kitu. Kwa elektroni, wimbi la namna hiyo hushinda hata mwanga. Lakini pale majembe yanapoinuka juu kuliko kwingine, hilo kundi lina mwendo wake. Elektroni husafiri na kundi."

Watu wakapiga makofi, naye akaendelea kusoma. Neno kwa neno! Miezi mitatu aliandika daftari lile kwa mkono wake, herufi kwa herufi, amejifungia chumba cha walimu. Kilichokosekana humo ni mwisho tu.

Kando yake mkewe, Wanza, aliyeacha kupalilia mahindi ili amsindikize, midomo ilikuwa inamcheza bila sauti. Ilimtangulia Bartholomew kwa neno moja, mawili. Ananiombea, Musembi akawaza, akapata nguvu.

Bartholomew alifika sentensi ya mwisho, ikamning'inia mdomoni, akakaa upesi.

Musembi akasimama. "Mwenyekiti, hiyo ni kazi yangu. Muulizeni huyu bwana hayo majembe aliyatoa wapi. Huyu ni mtu wa lami. Hajasimama kwenye mwethya hata siku moja."

Bartholomew akaangalia viatu vyake.

"Hiyo ni kweli," alisema mwenyekiti, mzee Wathome, akivua miwani. "Na wewe, mwalimu, na hiyo mikono ya chaki, ulisimama mwethya gani?"

Musembi akaitia mikono mifukoni. Wanza alikuwa ameweka viganja vyake vyenye sugu juu ya mapaja, vimetulia tuli.

"Mwambie, Baba Mutinda," alimwambia mumewe taratibu. "Ukurasa wa mwisho wa daftari langu niliuchana kabla hujaanza kunakili."