Mafuta kwa Hesabu ya Shemeji

Margwe alimimina petroli polepole, akasimamisha dumu, akachungulia, akaongeza tone kidogo tu. Kisha akafunga kifuniko cha tangi na kujichekea. Mafuta yale yangeishia katikati ya mbuga, mahali ambapo hata petroli ya kwenye chupa haiuzwi.

Gari lile aliuziwa na Tito, kaka wa mkewe Zita. Lilikuwa kuukuu, lakini la haibridi, petroli na betri vikisaidiana, na Tito alikuwa ameapa mbele ya watu wa kijijini kwao Tumati. "Shemeji, lita moja ni kilometa kumi na tano. Na ukienda taratibu linatumia betri peke yake, hata kuku hashtuki!" Siku ya kulikabidhi aliwaita wote wawili awaonyeshe kila kitu, mpaka matundu ya hewa ya betri. Zita alisikiliza. Margwe hakuwa na muda wa darasa. Alikuwa nje, anapigwa picha akiwa ameegemea boneti.

Mwanzoni aliringa nalo kwelikweli. Alikuwa amekodi shamba la maharage kule Endasak kwa mjane mmoja anayeitwa Fausta, na alishuka huko mara tatu kwa wiki. Maharage ya Margwe yalikuwa na haja kubwa ya palizi. Yalipaliliwa hata kiangazi.

Halafu gari likaanza kunywa. Lita moja haikufika hata kilometa tisa, na injini ilinguruma hata kwenye uchochoro, mpaka watoto wa Endasak wakawa wanakimbilia njiani kushangilia, "Margwe huyo!" kabla hajatokeza. Safari tatu zikawa moja, nayo ya kunung'unika.

Fundi Isidori alilisikiliza, akaweka kiganja kwenye kiti cha nyuma. "Betri ina joto sana, mzee. Haipumui vizuri. Niachie mpaka kesho nifungue huku nyuma."

"Kesho nina safari ya shamba. Na ufungue nini? Nimeuziwa mzoga na shemeji yangu."

Chuki ikaota hapo, na Margwe akaipalilia kuliko alivyopalilia maharage. Kila alipomwona Tito kanisani amefumba macho anasali, damu ilimchemka. Nyumbani alimtukana mbele ya Zita, na Zita aliendelea kupepeta unga bila kuinua kichwa.

Basi siku moja Tito akajileta mwenyewe, kofia mkononi. Kesi yake ya shamba ilikuwa inasikilizwa kwenye baraza la ardhi Katesh asubuhi iliyofuata. Asipotokea na mashahidi, shamba la baba yake linakwenda kwa jirani, na mashahidi wenyewe ni wazee wawili ambao pikipiki hawaiwezi tena.

"Nisaidie gari, shemeji. Nikikosa kesho, sina pa kulima."

"Chukua tu," Margwe alisema, sauti yote asali. "Mafuta nitakuwekea mwenyewe, kwa hesabu yako ileile ya kumi na tano. Ya kurudia utaongeza hukohuko Katesh."

Tito alishukuru mpaka machozi yakamlengalenga.

Ndiyo maana jioni ile Margwe alipima petroli kwa mkono wake. Alipomaliza hakumficha mkewe. Kisasi kitamu hakiliwi peke yako. "Kesho kaka yako atakwama na kiapo chake mbugani. Njia ya mwongo ni fupi."

Zita alimtazama. "Na wale wazee?"

"Watakaa kwenye gari wamsikilize akijieleza."

Zita aliinuka. Alichukua ufagio na kitambaa, akasema anakwenda kusafisha gari, wazee wasije wakakalia vumbi.

Alfajiri Tito alipokuja na wazee wake, Margwe alijifunika blanketi gubigubi. Hakutaka kuwaamkia watu aliokwisha kuwatega. Hakusikia hata walivyoondoka.

Kulipokucha alijipangia kiti uani, simu mkononi, akisubiri kuombwa msamaha. Jua likapanda, simu ikanyamaza. Mbugani hakuna mtandao, alijiambia, na moyo ukazidi kumchekea. Alimwona Tito anatembea kwa miguu, koti begani, shamba limekwenda, na baraza limekwisha. Raha ile ilimlaza usingizi palepale kitini.

"Hodi, shemeji!"

Margwe alizinduka. Gari lilikuwa limesimama uani, hatua chache kutoka alipokaa, na kuku waliokuwa wakioga vumbi hapo waliendelea kuoga. Wazee walikuwa wanateremka wakicheka, mmoja amenyanyua fimbo juu.

"Tumeshinda!" Tito alisema, akimkumbatia. "Na mafuta yako yametufikisha Katesh yakabaki. Si nilikuambia?"

Margwe aliinuka kitini. Alizunguka gari, akagusa matairi, akarudi alikotoka.

Zita aliwaamkia wazee shikamoo, akawakaribisha ndani pamoja na kaka yake, akawapa maji. Kisha alitoka peke yake, akafungua mlango wa nyuma wa gari mbele ya macho ya mumewe. Alitoa kiunoni kipande cha khanga kuukuu kilichokunjwakunjwa, akainama, akakishindilia kwa vidole viwili kwenye tundu la hewa lililo pembeni ya kiti.

"Nilikitoa kwa ajili ya kaka yangu," alisema, akifunga mlango. "Ukienda Endasak, msalimie Fausta."