Mwanamke Anayepika

"Huyu baba. Huyu bibi. Huyu Bi Kidawa."

Jamila alikuwa anasinzia. Alishinda kwenye mwani tangu asubuhi, mgongo unamuuma, vidole vimechubuka kwa kamba, lakini mtoto wa miaka minne hajui kama mzazi huchoka. Amina alikuwa amemkalia kooni wasome kitabu cha picha alichorudi nacho kutoka Kilwa. Jamila akafumbua macho.

"Bi Kidawa ndiye nani?"

"Huyu." Amina alibandika kidole juu ya picha ya mwanamke aliyeinamia chungu. "Anapika kwa bibi."

Mume wa Jamila, Shaibu, alikuwa mvuvi wa dago, wale wanaopiga kambi ufukweni kwa msimu. Miaka mitano nyuma alikuja kisiwani Juani na wavuvi wenzake wa Kilwa, akamwoa, na kila msimu ukiisha hurudi kwao kumtazama mama yake. Safari hii alikwenda na mtoto ili bibi amwone. Jamila mwenyewe hakuwahi kufika huko. Jana walirudi, na leo Shaibu keshaingia baharini.

"Bi Kidawa ni dada yake baba?"

"Siyo."

"Analala wapi?"

"Chumbani kwa baba."

Jamila akaketi wima. Kumbe! Yeye anachakaa na maji ya chumvi, na huko kuna mwanamke asiye na haya kaingia kati ya watu waliooana. Mwizi mkubwa. Alichoka, ndiyo, lakini hakuchoka kiasi cha kunyang'anywa mume akatazama. Kesho atavuka, amtoe huyo mwanamke nyumbani kwa watu, na Shaibu atachagua mbele ya mama yake.

Akafunua ukurasa mwingine. Mbuzi wawili walikuwa wanakula nguo kwenye kamba. Amina akacheka sana.

"Mwanangu," Jamila aliilainisha sauti, "huyo Bi Kidawa alikuwa anakufanyia nini?"

"Alinisuka. Akanipikia vitumbua. Akanipa na kitabu hiki, akasema nisome na wewe."

"Kakununulia?" Jamila aliguna. "Anataka kumnunua mtoto wangu pia!"

"Hakununua. Ni cha kaka Mbaraka, mtoto wake," alisema Amina, macho bado kwa mbuzi. "Baba alimnunulia alipokuwa mdogo kama mimi. Sasa kaka yuko sekondari."