Kinyaa Katika Nyumba ya Sita

Anastasia alikuwa akihesabu. Kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane. Mumewe alilitafuna tonge moja mara kumi na nane, mdomo wazi, na kila alipoufumbua, mlenda ulivutika toka mdomo wa juu hadi wa chini kama kamasi. Kisha Laurenti akameza, koo likalia kama mtungi unaozama kisimani, akalamba vidole hadi kwenye vifundo, akapiga mbweu.

Anastasia akaisukuma sahani yake kando. Unga ulikuwa ule wa njano wa msaada, unaonuka gunia, lakini unga haukuwa na kosa.

Walikuwa na miaka kumi na mitatu ya ndoa. Huko juu mlimani, Kinole, Laurenti alikula barazani na wanaume wenzake, naye jikoni na wanawake, wala hakuwahi kujua mumewe anatafuna vipi. Mwaka wa sabini na nne waliteremshwa tambarare, kwenye kijiji cha ujamaa, wakapewa nyumba ya sita katika mstari. Majirani hawakuwa wa ukoo. Kila mtu alikula kwake. Sasa walikula wawili, wakitazamana, magoti nusura yagusane.

Ndipo alipoanza kuona. Aliona mumewe anavyochokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti, akaitazama, akaipangusa mkekani. Aliona kucha za miguu zikikatwa kwa kisu cha mboga. Makohozi ya alfajiri aliyatema pale pale kizingitini, na kuku wakayakimbilia. Tangu hapo Anastasia hakula mayai.

Siku hiyo ya tonge la mara kumi na nane alikwenda kwa Bi Hidaya, balozi wa nyumba kumi, aliyekuwa uani akichambua mbaazi. Alimwamkia, akaomba barua ya ruhusa ya kusafiri. Anarudi kwa wajomba zake Kinole, na safari hiyo haina kurudi.

Bi Hidaya akauliza kama anapigwa. La. Mume mlevi? Kiasi. Ana mwanamke nje? Hana.

"Basi ana nini?"

"Ananitia kinyaa," Anastasia alisema, na machozi yakamtoka.

Alieleza yote, hata habari ya kuku. Bi Hidaya hakucheka, wala hakushangaa. Alisema barua ataandika, ila baada ya mwezi mmoja. Katika mwezi huo Anastasia abadili vijambo vidogo vidogo, kimoja leo, kingine keshokutwa, vya kwake mwenyewe, si vya mumewe.

"Anza na mahali unapokaa wakati wa kula, mwanangu."

Anastasia aliondoka amenuna. Amepeleka ndoa inayooza, anarudishwa na habari ya kigoda.

Hata hivyo jioni ile alikitoa kigoda chake nje, akakaa kuelekea mlimani. Laurenti naye akabeba chake upesi, kama mtu aliyekuwa akiingoja nafasi hiyo, akakaa ubavuni pake, macho mbele. Kutafuna kulisikika vile vile. Lakini ukungu ulikuwa ukishuka polepole juu ya Kinole, na Anastasia akatambua kwamba tangu wahame hajawahi kuutazama mlima ule hata mara moja.

Keshokutwa yake aliacha njia ya kisimani aliyoizoea, akapita ng'ambo ya shamba la kijiji, akakutana na wanawake wanaoteremsha matunda damu, yale mekundu ya mlimani, akacheka nao. Juma la pili aliacha mlenda, akapika mchicha wa karanga. Alisuka nywele. Alitoa kikombe cha wageni kabatini akakinywea chai yeye mwenyewe.

Na Laurenti akaanza kugeuka bila kuambiwa. Alioga kabla ya kula. Makohozi akaenda kuyatema huko nyuma ya choo. Siku moja alipanga foleni nusu siku kwenye duka la ushirika, akarudi na kipande cha sabuni ya kunukia, akampa Anastasia huku akitazama chini. Jioni, wakiwa bega kwa bega mbele ya mlima, alimsimulia jinsi babake alivyokata matuta ya kwanza kule juu, akaanguka na jembe. Anastasia alicheka hadi akakohoa. Alipokwenda kulala alikumbuka kwamba juma zima hajahesabu kitu.

Mwezi ulipotimu alimpelekea Bi Hidaya kichane cha ndizi. Alisema barua haitaki tena. Kinyaa kimemtoka, hata hajui kilikwenda wapi, na mumewe amekuwa mtu mwingine.

Bi Hidaya alifurahi. Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa, yenye mhuri, akaichana vipande viwili mbele yake.

Anastasia aliomba radhi kwa kumsumbua kuiandika bure.

"Hii si yako," Bi Hidaya alisema. "Ni ya Laurenti, naye pia haitaki tena. Alinijia wiki mbili kabla yako, akasema akikutazama unavyokula, chakula hakimshuki."