Zimwi la Kitabu cha Kaki

Siku hizi zimwi la hadithi humfuata msomaji nyumbani, na haling'oki mpaka ampendekezee mwingine kitabu kile. Tunu ndiye aliyempendekezea Rehani, akiapa ni cha mapenzi. Tangu hapo Rehani hakula tena peke yake. Zimwi lilikaa naye mkekani.

Leo Tunu kaingia maktabani anakofanya kazi Rehani, kana kwamba hakuna lililowahi kutokea. "Shoga, nitafutie kitabu kitamu."

Rehani alikwishakivika kile kile karatasi ya kaki, kama vivikwavyo vitabu vichakavu. "Chukua hiki. Cha mapenzi."

Jioni simu ikalia. "Rehani! Limekaa jikoni, linakulilia wewe!"

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," Rehani akamjibu. "Wewe limekwisha kukusahau."

Akakata simu. Ndipo akaona amepakua sahani mbili.